Mtoto Aliyepitishwa Dirishani

Ukitaka kumjua Watiri wa Giakanja usimuulize mwenyewe. Atakwambia yeye ni mfumaji wa sweta tu, mama wa Beth, basi. Uongo! Niulize mimi Njoki. Nimeuza maharagwe na njahi kando ya mashine yake sokoni Nyeri tangu meno yangu yakiwa yote kinywani, na sikumbuki siku hata moja ambayo alinichokoza nikanyamaza.

Watiri hufuma sweta za shule. Mwezi wa kwanza ukikaribia, akina mama hupanga foleni mpaka kwenye magunia yangu, nami nawafukuza kwa mdomo. Ana sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Siku moja kijana alimnyang'anya mteja simu. Watiri akamkimbiza na mkasi mkononi hadi stendi, akarudi na simu na kiatu kimoja cha yule mwizi. Kiatu alikitundika juu ya mashine yake mwaka mzima. "Akitaka aje achukue," alisema.

Na bado ni mtu wa kuamini watu. Akienda chooni anamwachia ufunguo yeyote aliye karibu, hata mtu aliyekuja kuuliza njia ya hospitali. Mimi nilikuwa namwambia, "Mama Beth, siku moja utaibiwa mpaka meno." Yeye hucheka tu. Kwa hivyo nikiwaambia nilimwona Watiri akiogopa, akiogopa hadi mwili ukamwacha, msifikiri nasimulia habari za mwoga.

Ilikuwa Desemba, karibu na Krismasi. Beth, ambaye ni mtoto wake wa pekee, anaishi Ruiru, na alikuwa amejifungua kwa upasuaji. Mtoto wake wa kwanza, Shiku, ana miaka minne na miguu isiyotulia. Watiri akaamua amlete Giakanja mpaka mama yake apate nguvu. Akaniomba nimsindikize, nami nikakubali, kwa sababu Desemba sokoni watu hawataki maharagwe, wanataka nyama.

Kurudi ndiko kulikuwa na taabu. Nyinyi mnajua magari ya kuja nyumbani wakati wa sikukuu, watu wanashikana mashati. Beth akasema, "Mum, kuna treni ya ziada kesho asubuhi. Ikitoka hapa Ruiru haisimami tena mpaka Kiganjo, halafu inamalizia Nanyuki. Mtoto hatasumbuka." Tukaona hiyo ni habari njema. Moja kwa moja, nani asiyetaka?

Kumbe mabehewa yenyewe ni yale ya watu wa kazi, yale yanayobeba wafanyakazi asubuhi na jioni kati ya Ruiru na mjini. Ni mabehewa ya kusimama kidogo na kushuka. Sasa yalikuwa yanaambiwa yapande mpaka mlimani yakiwa na magodoro, mitungi ya gesi, masanduku na nusu ya watu wa Nyeri. Treni ilipoingia stesheni ilikuwa tayari imejaa kutoka Nairobi.

Sasa hapa lazima nieleze desturi yetu, kwa wale ambao hawajawahi kupigania kiti. Mlangoni kukijaa, unatafuta dirisha. Unamwangalia mtu aliyeketi ndani, unampitishia kikapu chako. Ukiwa na mtoto, unampitisha mtoto. Mtoto akishawekwa kwenye kiti, kiti ni chako, maana hakuna mtu wa kumwinua mtoto wa mwenzake. Anayempokea hakuulizi jina, na wewe humuulizi lake. Unasema, "Nishikie huyu, nakuja," kisha unaenda kusukumana mlangoni. Mimi nimepitishwa dirishani nikiwa mdogo, na wanangu nimewapitisha. Sijawahi kusikia mtoto amepotea.

Watiri akaona dirisha kwenye behewa la mwisho. Mama mmoja alikuwa ametoa mikono nje, mikono yenye hina na nguo nyeusi mpaka kwenye kiganja. Watiri akamwinua Shiku, sweta yake ya manjano ikapanda mpaka kwenye kwapa.

"Nishikie huyu, mama, nakuja!"

"Leta, mama. Kiti iko."

Shiku akaingia kichwa kwanza, miguu ikipiga hewa, akicheka. Sisi tukakimbilia mlangoni. Mlango wenyewe ulikuwa umezibwa na wanaume wawili na kochi. Kochi, jamani! Mtu anapeleka kochi Nanyuki kwa treni ya sikukuu. Tunawaambia wasonge, wanatuambia tungoje. Firimbi ikalia. Gadi akatushika mabegani akatusukuma kuelekea mbele. "Nyinyi akina mama, ingieni huku! Mtapita ndani kwa ndani!"

Tukarukia mlango wa behewa la mbele, treni ikaondoka. Na tulikuwa tunacheka. Watiri akaweka sawa kofia yake, akasema, "Haya Njoki, twende tukale kiti yetu." Tukasukumana mpaka mwisho wa behewa. Nikafungua mlango wa kati.

Hapakuwa na njia. Kati yetu na behewa la mwisho palikuwa na behewa la mizigo, limefungwa kwa chuma. Kwenye kioo chake kidogo hukuona kitu ila magodoro na magunia mpaka darini. Watiri akapiga kile chuma kwa kiganja. Akapiga tena. Ndani kwa ndani, kumbe! Huyo gadi ningempata wakati ule ningemfundisha ndani ni wapi na nje ni wapi.

Mzee mmoja aliyevaa koti la suti, jina lake Simeon, alikuwa ameketi hapo karibu. Ni mtu wa aina ile inayojua kila kitu na haikuombwa. "Hiyo haifunguliwi mpaka Kiganjo," akasema.

"Na hii itasimama Thika?" Watiri akauliza.

"Haisimami Thika. Haisimami Murang'a. Mtatulia mpaka mchana uishe."

"Mjukuu wangu yuko huko nyuma."

"Yuko na nani?"

Watiri akanitazama. Mimi nami nikatazama kile chuma. Tulikuwa hatujui. "Na mama mmoja," akasema hatimaye. "Msomali."

Halafu mwanamke fulani nyuma yetu akavuta pumzi, akamwita Mungu kwa Gikuyu, "Ngai!" Hilo neno moja lilitufanyia ubaya kuliko treni nzima. Kwa sababu likafungulia wengine. Huyu akaleta habari ya mtoto aliyepotea kanisani. Yule akasema watoto wanavushwa mpaka. Mwingine akatoa simu akatuonyesha picha ya mtoto aliyetafutwa mwaka juzi, kana kwamba tulimwomba. "Nyamazeni!" nikawaambia. "Nani kati yenu amewahi kuona Msomali akiiba mtoto? Mnanunua nyama kwao Nanyuki kila siku, mnakopa dukani kwao, leo wamekuwa wezi?" Wakaendelea kwa sauti ya chini, na hiyo ni mbaya zaidi.

Watiri akanivuta mkono. "Njoki, uliona uso wake?"

"Niliona."

"Alikuwa mtu mzuri?"

"Alikuwa mtu, Mama Beth. Mtu kama wewe."

Lakini sikuwa nimeuona. Niliona mikono na hina, basi. Nilijaribu kukumbuka kama alikuwa mzee au kijana, sikupata kitu. Nikaogopa.

Tulipofika kwenye mashamba ya mananasi baada ya Thika, Watiri akaona ule mpini mwekundu wa kusimamisha treni wakati wa hatari. Akaushika. Simeon akasema, "Vuta, mama, ni haki yako." Mimi nikamrukia mkono.

"Usivute!"

"Niachilie!"

"Ukisimamisha hapa, kila mtu atashuka. Angalia hayo mananasi. Mtu akiingia humo na mtoto utamtafutia wapi? Treni ikitembea, Shiku yuko ndani. Hakuna mahali anaweza kupelekwa. Wacha itembee."

Akauachilia ule mpini. Na kuanzia hapo tukawa watu wa kuomba Mungu treni isisimame. Ile ile ambayo tungetaka isimame kuliko kitu chochote duniani! Kila ikipunguza mwendo, Watiri anatoa kichwa na mabega dirishani kuangalia nyuma, kama kuna mtu anaruka kutoka behewa la mwisho. Mimi nimemshika sketi kwa mikono miwili. Makuyu ilipunguza, hakuna aliyeruka. Kona iliyofuata ikapunguza, kijana mmoja akaruka na begi, Watiri akapiga kelele, lakini lilikuwa begi tu.

Tukiwa Maragua simu yake ikalia. Beth.

"Mum, mmefika wapi?"

"Maragua."

"Shiku anasumbua?"

"Hasumbui."

"Nipatie nimsalimie."

Watiri akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu mzima. "Amelala," akasema.

"Amelala saa hii? Na halalangi mchana?"

"Amechoka, mama. Wacha alale."

"Sawa. Mfunike miguu, huwa anasikia baridi."

Alipokata simu akauma ncha ya nguo yake. Kisha nikaona sakafu chini yake imelowa. Nikafungua leso yangu nikamfunga kiunoni haraka, nikamwambia kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba chupa yangu ya maji imemwagika. Simeon akainua viatu vyake, akatazama pembeni. Kwa hilo nilimsamehe nusu ya maneno yake. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mjukuu, nawaambia, ni mwana mara mbili, kwa sababu kuna mtu utamjibu.

Kulikuwa na msichana mmoja, Wachuka, aliyekuwa akitusikiliza bila kusema neno. Akanigusa bega, akaniita bibi kwa Gikuyu. "Cucu, mimi niko na ndugu yangu huko nyuma. Anaitwa Mburu. Alikosa nafasi huku akaingia behewa ya mwisho. Nimpigie?"

Unauliza! Akapiga, akaweka sauti nje.

"Mburu, huko kwenu kuna mtoto msichana, mdogo, sweta ya manjano?"

"Ee, yuko hapa. Ako na mama Msomali. Ati analia anataka cucu yake."

"Yuko!" Watiri akalia. "Yuko! Yuko hai!" Behewa zima likapiga makofi. Hata wale wa habari za kanisani walipiga makofi. Laiti tungekata simu hapo. Lakini ile hofu yote aliyokuwa ameimeza tangu Ruiru ilitaka pa kutokea, na ikatokea vibaya. Watiri akamnyang'anya Wachuka simu, akapaza ile sauti yake ya kuita ng'ombe.

"Huyo ni mtoto wangu! Mshikeni huyo mama! Ameniibia mtoto!"

"Ameiba?" Mburu akauliza.

"Ameiba! Mshikeni!"

Tukasikia sauti ya Mburu ikiwaambia wengine, na wale wengine wakipokea. Halafu treni ikaingia kati ya vilima karibu na Murang'a, netiwaki ikapotea.

Nikamgeukia. "Mama Beth, umesema nini?"

"Nimesema wamshike asiende."

"Hukusema hivyo. Umesema ameiba. Si ni wewe ulimpa?"

Akafunika mdomo kwa mkono. Tulikuwa tunajua sisi sote wawili. Katika nchi hii yetu mwizi wa kuku anauawa, sembuse mwizi wa mtoto. Na anayepigwa amempakata nani? Ngumi haichagui. Kuna wale wanaopenda kusema lisemwalo lipo. Waje niwaambie: siku hiyo kulikuwa na lisemwalo ambalo halikuwepo kabisa, na lilikuwa linasafiri kwenye treni isiyosimama pamoja na watu waliokosa kazi ya kufanya mpaka Kiganjo.

Wachuka alipiga, akapiga. Mteja hapatikani. Watiri alikuwa akisema peke yake, "Nimemuua. Njoki, nimemuua mtu." Nami nikajifanya namtafutia maji.

Karibu na Sagana simu ikaingia. Kabla Mburu hajasema kitu tulisikia kelele.

"Tumemshika," akasema, anahema. "Lakini hataki kuachilia mtoto. Watu wamemchapa na bado hataki. Ati anasema alipewa kwa dirisha."

"Msimpige!" Watiri akapiga kelele. "Ni kweli! Nilimpa! Waambie wamwache!"

"Mama, sikusikii vizuri. Lakini usijali, anti ya mtoto amepatikana. Yuko hapa, ndiye anataka kumchukua."

"Anti gani?"

"Anti yake. Huyu mama wa koti nyekundu ya damu ya mzee. Anasema ni wake, akabidhiwe."

Beth hana dada. Baba yake Shiku amezaliwa katikati ya wavulana watupu. Mtoto yule hakuwa na anti yeyote katika treni ile.

"Msimpe!" Watiri akalia. "Hana anti! Mwambie yule Msomali asiachilie! Mburu! Mwambie ashike! Mwambie—"

Simu ikakata. Kama alisikia au hakusikia, Mungu anajua.

Kutoka Sagana reli inapanda, na ile treni ya watu wa kazi haikuzoea kupanda. Ikaanza kwenda mwendo wa mtu anayetoka kanisani. Mtoto angeweza kuteremshwa kama mtu anavyoteremsha kikapu. Watiri hakulia tena. Alikuwa nusu nje ya dirisha, upepo umechukua kofia yake na hakugeuka kuiangalia, na alichokuwa akisema ni hiki tu: "Ashike. Mungu, ashike tu. Ashike." Alikuwa akimwombea mwanamke aliyemwita mwizi, mtu ambaye hakujua jina lake, awe na mikono migumu. Nami nikaomba vivyo hivyo. Hatukuwa na mtu mwingine wa kumtegemea.

Karatina treni ikajikokota karibu isimame, watu wa sokoni wakitembea kando yake na ndizi vichwani. Ndipo nikaona mtu akining'inia kwenye mlango wa behewa la mwisho. Koti la damu ya mzee. Akaruka. Akayumba, akasimama, akaingia katikati ya vibanda.

"Ana kitu!" Watiri akanishika shingo. "Njoki, amebeba kitu?"

"Hana kitu."

"Umeona vizuri?"

"Nimeona, Mama Beth. Mikono mitupu."

Sikuwa nimeona. Mgongo wake ulikuwa kwetu, na kibanda kikamficha. Lakini ningesema nini? Treni ikaongeza mwendo, Karatina ikabaki nyuma, na kama Shiku alikuwa amebaki pale, kila dakika ilikuwa inatutenga naye. Watiri akateremka kutoka dirishani akaketi juu ya mzigo wa mtu. Alikaa hapo mpaka Kiganjo. Nawaambia, ni afadhali angelia.

Treni haikuwa imesimama vizuri tuliporuka. Mimi nina uzito wangu na magoti yangu ya uzee, lakini siku ile nilikimbia. Watu walikuwa wanamiminika kutoka behewa la mwisho, na Watiri akawapasua. "Toka! Toka njiani!" Ndani, kati ya viti, watu walikuwa wamesimama kwa duara. Mwanaume mmoja alikuwa na mshipi mkononi, amejizungushia kwenye ngumi.

Chini sakafuni palikuwa na mwanamke amejikunja. Mtandio wake ulikuwa umechanwa, nywele ziko nje, mdomo umevimba. Alikuwa msichana, jamani. Hakuwa amefika umri wa Beth. Alikuwa amejikunja juu ya kitu, magoti na mikono vimekizunguka, uso kifuani.

"Huyu ndiye mwenye mtoto!" kijana mmoja akasema. Nikajua sauti ya Mburu.

"Mama," yule wa mshipi akamwambia Watiri, "mwizi ni huyu?"

Watiri akampita. Alipiga magoti. "Mama, ni mimi. Ni mimi nilikupatia mtoto kwa dirisha."

Yule msichana hakuinua uso. "Kila mtu anasema ni wake."

"Muulize mwenyewe."

Mikono ikalegea kidogo. Kichwa cha Shiku kikatokea, kimelowa jasho, macho yamevimba kwa kulia na usingizi. Akatazama huku na huku.

"Cucu," akasema. "Huyu anti anatokwa na damu."

Ndipo yule msichana alipoachilia. Au tuseme alitaka kuachilia, lakini mikono ilikuwa imekakamaa. Ilibidi nimsaidie kuifungua kidole kimoja kimoja. Alikuwa na alama za kucha mpaka kwenye kiwiko, pale mtu alipojaribu kuifungua kabla yangu.

"Tuambie, mama," yule wa mshipi akarudia. Sauti yake haikuwa na nguvu kama mwanzo. "Ni mwizi ama si mwizi?"

Watiri akasimama na Shiku mgongoni pake. "Mwizi ni mimi," akasema. "Nilimpa huyu mtoto kwa mkono yangu, kisha nikamwita mwizi. Kama mnataka mtu wa kupiga, nipigeni." Akangoja. Alikuwa na leso yangu kiunoni, kichwa wazi. "Na yule mliyetaka kumkabidhi, anti, yuko wapi?"

"Ameruka Karatina," mwanamke mmoja akasema. Kila mtu akapata kazi ya kufanya na mzigo wake. Mburu alikuwa ameinamisha kichwa, analia kama mtoto. Yule mwanaume akafungua mshipi kutoka kwenye ngumi, akaanza kuuvaa, na mikono yake haikupata tundu la kuupitisha.

Tukamwinua yule msichana tukamkalisha. Nikamfuta uso kwa maji. Akatuambia anaitwa Hibo, anarudi nyumbani Nanyuki kwa baba yake, mzee Mohamednoor anayeuza mbuzi. Yule wa koti alikuja mapema, Hibo akasema, anatabasamu, na pipi mkononi. "Nikamuuliza huyo mama mtoto anaitwa nani. Akasema ni Mary. Na mtoto alikuwa ashaniambia ni Shiku. Nikasema sitoi." Aliposema hivyo Watiri akashikilia kiti asianguke.

Gadi akapita nje akipiga kelele. "Wa Kiganjo washuke! Kutoka hapa ni Nanyuki moja kwa moja! Haisimami!"

Nikachukua vikapu. Watiri akamshika Hibo mikono yote miwili, akamwomba msamaha kwa Kiswahili, akamwomba kwa Gikuyu, akalia. Hibo akaitikia kwa kichwa. Lakini hakuwa akitutazama sisi. Alikuwa akitazama nyuma yetu, na nikageuka kuona anachotazama. Yule wa mshipi alikuwa ameketi. Wenzake pia walikuwa wamerudi kwenye viti vyao. Hawakuwa wa Kiganjo. Walikuwa wa Nanyuki.

"Mama," Hibo akasema polepole, "mimi bado niko na safari na hawa."

Firimbi ikalia. Nikamwambia Watiri, "Mama Beth, shuka, itatuacha." Niliogopa treni ile isituchukue tena, naapa sikutaka kukaa ndani yake hata kidogo.

Watiri alikuwa anaogopa kuliko mimi. Akamtoa Shiku mgongoni, akamtazama. Kisha akageuka akamweka kwenye mapaja ya Hibo, mbele ya wanaume wale wote, akaketi ubavuni mwake upande wa njia, ili yeyote anayekuja aanze na yeye.

"Njoki," akaniambia, "shuka na mizigo."